Flaiwili Iliyopimwa Marangu

Mama mkwe wangu, Mwantumu, ndiye aliyenieleza kwanza habari ya flaiwili, chuma cha injini ya pikipiki. Tulikuwa uani, hapa Pasua, Moshi mjini, tukimenya ndizi, akaniambia kwamba pikipiki ya Baba inatetemeka kama mwenye homa, kwamba mume wangu Salehe amemtukana fundi Gurdip mbele ya watu eti ameikereza flaiwili vibaya, na kwamba Salehe na mdogo wake Zaidi hawali tena sinia moja. Mimi sina mazoea ya kusemea mambo ya wanaume. Nilimwambia tu kwamba siku zile tulipokuwa Marangu kwa mjomba Eliufoo, niliweka bakuli la uji wa mtoto juu ya meza ile ile aliyoitumia Salehe kupimia flaiwili, na uji ukamwagikia upande mmoja. Mama mkwe akaweka kisu chini, akaingia kwa Baba, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Baada ya sala ya alasiri, Baba Mashaka akatuita sote chumbani. Maneno yake nimeyaandika kama nilivyoyasikia.

"Sikilizeni wanangu. Mwantumu, niinue, niwekee mto mgongoni, maana mtu hausii amelala kama gunia la mahindi. Hapo hapo. Pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema na si ya kubishana, kwa hiyo Salehe usinijibu, na wewe Zaidi futa hilo tabasamu, kwako nitafika.

"Baba yangu alifika Moshi na mizigo ya watu kichwani, hakuniachia shamba wala ng'ombe, akaniachia mikono hii. Nikaitia katika chuma. Mimi na Gurdip tulianza chini ya bati moja, jiliwa moja la kubania chuma, tupa moja, tukipokezana kama wake wenza wanavyopokezana kinu, na watu wakatucheka kwamba Kalasinga na Mswahili hawatafika mfungo wa Ramadhani bila kutwangana. Ramadhani zimepita hata sizihesabu. Leo yeye ana mashine ya kukereza na mimi nina gereji, na ukuta wa katikati una mlango usio na kufuli. Mlango huo ndio urithi wenu mkubwa, wanangu, kuliko nyumba hii na kila kilichomo, kwa sababu fundi wa pikipiki asiye na mkerezaji wa karibu ni sawa na mpishi asiye na moto. Na mlango huo sasa umefungwa. Nimesikia kwa masikio yangu, nikiwa hapa kitandani, komeo likitiwa upande wa pili. Sitaki kuingia kaburini na mlio ule.

"Sasa niseme vizuri habari ya pikipiki. Ile ni pikipiki ya vita, wazungu waliiuza vita vilipokwisha, na flaiwili yake, lile gurudumu zito la chuma lililo ubavuni mwa injini, iliundwa kwa ajili ya kuvuta mizigo matopeni. Flaiwili nzito ni kama maksai: akishaanza kwenda haachi, lakini kumwanzisha ni kazi, na kumsimamisha ni kazi nyingine. Miaka mingi mimi na Gurdip tulisema, siku moja tutampunguza maksai huyu unene, tuone kama hatakimbia kama swala kwenye tambarare ya Sanya Juu, wanakoshindana vijana. Safari hii Gurdip akaifanya kazi hiyo. Tulipata flaiwili ya pili, akaipunguza pembeni, maana uzito wa pembeni ndio unaoizuia injini kuchangamka, akaacha katikati na unene wake, kwa sababu katikati ndipo panaposhika ekseli. Niliipitishia vidole alipoileta hapa kitandani. Ilikuwa kazi safi, laini kama shavu la mjukuu wangu. Aliyeiharibu si Gurdip.

"Salehe, nimesema usinijibu.

"Uliichukua ukaenda nayo Marangu kwa mjomba wako, ili mdogo wako asije akasema mliifanya wote. Hilo nalo ni kosa. Ukaweka vyuma viwili vilivyonyooka juu ya meza, ukaitegesha flaiwili juu yavyo kwa ekseli yake, kama nilivyokufundisha, ili upande mzito uanguke chini wenyewe. Ikabingirika upande mmoja. Ukarudia, ikabingirika upande ule ule. Ukasema, hapa ndipo penye uzito, ukashika keekee ukatoboa matundu ya kupunguza uzito. Lakini mwanangu, haikuwa flaiwili iliyokuwa na upande mzito. Ilikuwa meza. Nyumba ya mjomba wako imekaa kwenye mteremko, sakafu yake inafuata mteremko, na wewe ulilelewa pale tangu unatambaa, kwa hiyo macho yako yanauona mteremko kuwa ni sawa. Mtu wa mlimani ana ugonjwa huo, hajijui. Mama yenu hapa, nilipomwoa na kumleta mjini, wiki nzima alilalamika kwamba sakafu yangu imepinda, na ilikuwa sakafu ya kwanza iliyonyooka aliyopata kuikanyaga. Cheka, Mwantumu, ni kweli.

"Hata Gurdip alilijua. Nilimpeleka Marangu kwenye harusi, akapewa chai kwenye kisahani, chai ikamwagikia mapajani mwake, akasema, 'Mashaka, huku kwenu hata chai inataka kurudi mjini.' Tulicheka siku ile hadi tukakatazwa. Basi neno nililocheka nalo zamani ndilo leo limenifumbua macho, na aliyenikumbusha ni huyu mkeo, mama Sophia, aliyekaa pale mlangoni akijificha nyuma ya ushungi wake. Yeye ni mtoto wa Kahe, nchi ya chini, nchi iliyolala kama mkeka, na uji ulipoinama aliona umeinama. Ninyi mlikuwa watu wazima wangapi mezani? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Zaidi, nimefika kwako. Wewe ulijua kaka yako amekosea mahali, ukakaa ukisubiri aaibike. Kukaa kimya ili ndugu yako aanguke ni kumsukuma bila kutumia mkono. Watu husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, lakini ninyi mnagombana kwa namna ambayo mwaka huu jirani atavuna. Kwa hiyo ninagawa hivi, na mama yenu ni shahidi. Nyumba ni ya mama yenu hadi atakaponifuata. Gereji ni yenu wote wawili, na haigawanywi. Pikipiki ni moja. Flaiwili nyepesi ni ya Salehe. Flaiwili nzito, iliyo chini ya kitanda hiki ndani ya gunia lenye grisi, ni ya Zaidi. Atakayetaka kwenda tambarare, amwombe mwenzake ruhusa na wafunge pamoja ile nyepesi. Atakayetaka kupandisha mzigo au mgonjwa Marangu, wafunge ile nzito, kwa maana nyepesi itakuzimikia katikati ya kilima na kukurudisha kinyumenyume. Msije mkapanda mlima na ile nyepesi. Nimeapa hilo, msinifanye mwongo nikiwa nimekufa.

"Chuma bado kinatosha. Nimekipima kwa vidole, matundu ya Salehe hayakwenda ndani sana. Gurdip atatoa kiasi kile kile upande wa pili, mkabala, na flaiwili itatulia. Halafu mkiifunga, ekseli ikaushwe kwa kitambaa kikavu, pasibaki mafuta pale inaposhikana na flaiwili, mafuta ni rafiki wa kila mahali isipokuwa hapo. Kaza nati, kunja kibati chake ili nati isifunguke, kisha izungushe kwa mkono kabla hujaiwasha, usikilize. Chuma kilicho sawa hakisemi kitu.

"Lakini Gurdip hatawasha mashine yake kwa maneno matupu. Ulimi umetoka, haurudi. Salehe, kesho asubuhi utakata jani la sale, lile la kuombea msamaha, pale kwenye ua wa mama yako, utalifunga fundo, utaenda nalo mkononi, waziwazi, watu wakuone, kama watu walivyokuona ulipokuwa unatukana. Usimweleze habari ya meza kwanza. Mpe jani. Yeye ni Singasinga, lakini amekula ndizi za mlima huu nusu ya maisha yake, anajua kwamba anayeletewa sale hana njia ya kukataa kusamehe. Zaidi, utafuatana naye. Hutasema kitu, utasimama tu, aone kwamba mko wawili.

"Na msiipimie tena Marangu. Ipimieni hapa, juu ya meza yangu. Pimamaji langu lilivunjika kioo zamani, na hakuna haja ya jingine: wekeni ile sahani nyeupe yenye mstari wa buluu, ijazeni maji hadi kwenye mstari. Maji yakigusa mstari pande zote, meza imenyooka. Lakini asiangalie mmoja wenu. Aangalie mama Sophia. Mwanangu, unanisikia? Hapana, usitikise kichwa, mimi sioni vizuri. Utaangalia wewe, na hakuna atakayeigusa flaiwili mpaka useme. Useme kwa sauti. Wanaume hawa... wamezoea kutosikia.

"Nipeni maji. Kidogo.

"Nikifa mnizike upesi, msiwangoje watu wa mbali. Gurdip akitaka kushika jeneza, apishwe. Msijenge juu yangu. Muwape... muwape watoto wa jirani ile mipira mibovu ya magurudumu, wasukume.

"Sikuwaachia mengi, lakini niliyowaachia yamenyooka. Mungu awape mikono inayotulia. Awape... mkono wa ndugu upande wa pili wa kila mzigo. Salehe. Zaidi. Njooni karibu, nipeni vichwa vyenu. Mwantumu, na wewe. Yule binti wa Kahe... yuko wapi? Naye. Haya. Haya, wanangu. Nimesema. Laza mto."

Akafumba macho, lakini pumzi yake iliendelea, na mama mkwe alikaa naye.

Asubuhi, Salehe alitoka na jani la sale mkononi, na Zaidi nyuma yake. Walirudi watatu. Fundi Gurdip alikuwa amelishika jani lile mwenyewe, akasimama kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa, akasema, "Mashaka, meza ya Pasua inakaa, au nayo inataka kwenda mahali?" Nikamsikia Baba akicheka, kisha akikohoa.

Nilileta sahani, nikaijaza kwa kikombe, polepole, nikainama. Maji yaligusa mstari wa buluu upande wa dirisha, yakauacha upande wa ukuta. Wanaume watatu walikuwa wamesimama, flaiwili mikononi mwa mume wangu, wote wakinitazama mimi. Uso uliniwaka.

"Bado," nikasema.

"Umesemaje?" akauliza Zaidi.

"Nimesema bado, shemeji. Inua mguu huu."

Akapiga magoti, akasukuma kipande cha ubao chini ya mguu wa meza. Nikatazama tena, nikamwambia kidogo zaidi, naye akasukuma kidogo zaidi. Maji yakacheza, yakatulia. Nikauzunguka mstari wote kwa macho, kisha nikaurudia. Halafu nikainua uso, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kitandani kwa Baba:

"Sasa."