Mgonjwa Huyu Ataulizwa

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe mwanangu mwalimu zima hiyo simu.

Nyumba hii haiuzwi mama yenu akiwa hai. Najua mmekwisha kupatana na mnunuzi, tena mlipatana mkiwa mmesimama pembeni ya kitanda chake, kwa kuwa tangu kiharusi kimpige miezi minane iliyopita hasemi wala hainui mkono. Mwalimu anasema akili ni kazi ya ubongo, ubongo ukiharibika na akili imekwisha. Kitindamimba anasema roho ni mgeni mwilini, na mgeni keshaaga. Mnabishana weee, halafu wote mnafika pale pale: hayupo, tuuze.

Nisikilizeni mimi niliyelaza watu usingizi wa upasuaji miaka thelathini na moja. Sindano moja huulegeza mwili usitikisike, dawa ya pili ndiyo hulaza akili. Siku moja ile dawa ya pili ilikwisha katikati ya kazi, nami sikutazama kipimo, maana mgonjwa, mama mmoja fundi cherehani, alikuwa ametulia tuli. Nikautania unene wake, tukacheka na daktari. Kesho yake akanirudishia utani wangu neno kwa neno, akasema, "Nilikuwa nakupigia kelele, baba, hukunisikia." Nikamwambia ameota. Aibu hiyo sijaitua mpaka leo, na mama yenu nilimficha.

Elimu ya kuwapinga sina. Ninachojua, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kichwa cha mtu hakilaliwi na wawili. Husemwa mgonjwa haulizwi uji, huyu aulizwe. Kabla ya kumgeuza, mwambieni mnamgeuza. Habari za nyumba zungumzeni naye, si juu yake, kisha mngojeni. Akishatangulia, gawaneni sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume, wala msinizushie ugomvi kaburini.

Nipeni maji... Basi, yatosha. Mungu awape subira, awape na watoto watakaowasubiri nyinyi mkizeeka.

Nigeuzeni nimwone. Mke wangu... ile habari ya fundi cherehani umeisikia. Nilikuficha miaka yote hiyo. Nisamehe.

Hapana, kitindamimba... usimjibie. Nyamazeni... tumngoje.