Mzee Mkeka, Fundi Makochi na Mwalimu wa Kuanguka

Tunawashukuru nyote mliofika kumsindikiza ndugu yetu Mzee Mkeka, mkiwemo mliofika na kamera. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa kike. Mjane alimwomba apunguze ukali. Ameupunguza, na huu ndio uliobaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba fundi viatu na mama mshonaji. Alikuwa mtoto mnene, mkimya, ambaye kila mchokozi wa mtaa alijaribia ngumi zake kwake. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, akaingia sekondari, akaiacha kidato cha pili baba alipougua macho. Hesabu zilimpiga chenga, wala hakuwahi kudai vinginevyo.

Mwaka 1969 alipata kibarua kwenye ujenzi wa daraja. Mhandisi aliyesimamia kazi alikuwa ametoka nchi ya mbali, na jioni aliwafundisha vibarua mchezo wa kuangushana wa kwao. Una jina refu ambalo marehemu hakuwahi kulitamka sawasawa, kwa hiyo nyumbani tuliuita mieleka ya adabu. Daraja lilipokwisha mhandisi aliondoka, wenzake wakausahau mchezo, yeye akabaki nao. Alijifunza ufundi makochi, akapanga vyumba viwili: cha mbele cha makochi, cha nyuma cha mikeka aliyoishona mwenyewe kwa turubai na mabaki ya sponji. Ndipo alipopata jina lake.

Mwanafunzi wa Mzee Mkeka alikaa miezi akijifunza kuanguka tu. Wengi walichoka wakaenda zao. Aliyevumilia alifundishwa kuangusha, kwa sharti moja ambalo marehemu alilirudia mpaka likatuchosha sote: unayemwangusha, usimwachie mkono mpaka afike chini. Ukimshikilia, anageuka vizuri na kutua kwa ubavu. Ukimwachia, anatua anavyojaliwa.

Tarehe 15 Agosti 1981 alimwoa mpishi wa shule, ambaye alikuwa amekuja kugomba kuhusu kochi lake lililochelewa. Baba mkwe, mbeba magunia mwenye mwili wake, alikataa kutoa binti kwa mtu wa mieleka mpaka aangushwe yeye kwanza, aone. Marehemu alitandika mkeka sebuleni, akamwangusha mzee wa watu, akamlaza kama anayelaza mtoto, mkono bado ameushika. Mzee alikaa pale chini akiwaza, kisha akamwambia binti yake, "Mwanangu, olewa. Ameniangusha na wala sijaumia." Wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2004 alikuja mwigizaji ambaye nyote mnamjua, na ambaye amekaa mstari wa mbele bila kuonyeshwa kiti. Sisi tulimwita Staa. Alitaka kujifunza mchezo kwa ajili ya filamu. Alijifunza kuangusha kwa wiki tatu. Kuanguka alikataa katakata, akasema kwenye filamu yeye haangushwi.

Tuseme ukweli hata kama unatukera: filamu ile ilifanya ambacho marehemu hakukifanya kwa miaka thelathini. Watu walipanga foleni kutoka mlangoni kwake mpaka nje ya duka la dawa la mtaani. Madarasa yalifunguliwa nchi jirani, kisha nchi nyingine mbili, na kila ukumbi una picha ya Staa ukutani na neno "Mwasisi" chini yake. Mdogo wake marehemu alikasirika na bado amekasirika. Marehemu alisema, "Mwache ajiite atakavyo, watu si wanakuja?"

Haki yake apewe pia mwimbaji, ambaye naye ana jina kubwa. Yeye alikuja baada ya filamu, akavua hereni, akaanguka miezi saba mpaka viwiko vikachubuka. Kisha akaenda na mwalimu mmoja aliyefunzwa chumba cha nyuma mpaka nchini kwao, akawaambia mashabiki wake mchezo ni wa nani. Huyo hatuna neno naye.

Tarehe 2 Novemba 2019 Staa alimwalika marehemu nchi ya tatu kufungua ukumbi mpya. Jukwaa lilikuwa la mbao, zulia juu yake, mkeka hakuna. Staa alitaka kumwangusha mwalimu wake mbele ya kamera, na marehemu, mwenye miaka sitini na minane, alikubali ili asiharibu shughuli ya watu. Katikati ya kuanguka, Staa alimwachia mkono. Alikuwa anawapungia wapiga picha. Nyonga ilivunjika.

Kesho yake Staa aliwaambia waandishi kwamba mzee aliteleza. Mzee Mkeka hajateleza tangu mwaka 1969. Staa alimwachia. Picha zipo, na yeye ndiye aliyezitaka zipigwe.

Marehemu alifanyiwa upasuaji mara mbili, lakini hakusimama tena bila kushikwa. Staa alifika hospitali mara moja, na maua na mpiga picha. Marehemu alimwambia, "Hujui kuanguka, ndiyo maana hujui ulichonifanyia. Njoo nikufundishe." Hakuja. Mapafu yalichoka kwa kulala, na tarehe 21 mwezi uliopita, alfajiri, ndugu yetu alifariki mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu watano, mdogo wake huyu mwenye mdomo, na wanafunzi katika nchi nne.

Jana wasaidizi wa Staa walipiga simu nyumbani. Anaomba kushika kamba ya mbele wakati wa kushusha jeneza, na wapiga picha wasimame kushoto. Familia ilikaa, ikakubaliana, na jibu linasomwa hapa ili lisipotee njiani: hapana. Akitaka kumuenzi, darasa la kuanguka ni Jumatatu, saa kumi jioni, chumba cha nyuma. Kamera zibaki nje.

Kamba zitashikwa na wanafunzi wake wanne, mwimbaji akiwa mmoja wao. Sharti wanalijua. Hakuna atakayeachia mpaka afike chini.

Akifika, apumzike kwa amani.