Askari Wawili wa Chandrakant

Benchi letu liko Kingsbury Road, nje ya duka la sari lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Leicester. Tunakutana hapo kila Jumapili mchana, wanaume watu wazima tuliokimbia kazi za nyumbani, na nisidanganye kwamba kuna sababu nyingine. Msabaha wa Unguja ndiye mwenyekiti. Tunamwita Spika, kwa kuwa chupa ya kahawa ni yake na humimina kwa anayemtaka. Protas wa Bukoba anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, kwa hiyo jina lake ni Manifesti, ile orodha ya mizigo. Njenga wa Nakuru ni Oyster, kama ile kadi ya kupandia treni na mabasi ya hapa, maana hakuna mazungumzo yasiyomfungulia mlango. Mimi sina jina, napewa kikombe cha mwisho. Jumapili hiyo ubao wa sataranji ulikuwa katikati yetu, lakini bingwa wetu hakuwepo. Chandrakant, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa amelazwa, na kesho yake, Jumatatu asubuhi, angepasuliwa moyo. Kabla ya hapo alitutumia picha kwenye grupu la WhatsApp: mfalme mweusi upande wa juu, mfalme mweupe amejibanza pembeni huko chini, na askari weupe wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Wote wawili wamekwisha kuwapita maadui, njia nyeupe mbele yao, hatua tatu tu wageuke malkia. Chini ya picha ameandika: "Mweupe aanze, ashinde. Nataka jibu lenu kabla sijaingia kisu. Nitaingia na moyo mtulivu."

Tukapanga kete kama picha ilivyo. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu kijiwe chetu kina kanuni moja kwa mafumbo tunayofumbua pamoja: hakuna kete inayoguswa mpaka hoja ipite kwa sauti za wote. Katika miaka kumi, hoja haijapita hata mara moja.

— Jamani, alianza Spika huku akimimina kahawa, mgonjwa anasubiri. Nani ana hoja?

— Mimi, akasema Manifesti. Tumsukume wa kulia.

— Kwa nini wa kulia?

— Yupo karibu na ukingo. Mimi kazini kila siku naona, mzigo wa pembeni ndio unaoshuka kwanza.

— Yakhe, hii sataranji, si mizigo. Na ukimsukuma wa kulia, wa kushoto unamwacha na nani? Mie siwezi. Hawa ni ndugu. Mmoja Unguja, mmoja Pemba. Wasonge pamoja au wasisonge.

— Spika, hakuna kusonga pamoja. Hatua ni moja moja.

— Ndiyo maana hatuendelei!

Oyster alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi, akitikisa kichwa kwa huruma kubwa.

— Nyinyi hamjui hii kitu. Huyu mfalme mweusi ni Home Office, wale watu wa uhamiaji. Anaweza kufukuza mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Hawa wawili wamepita airport, wamepita kila kizuizi, wamebakisha interview ya mwisho wapewe pasipoti ya hapa. Swali ni, nani ana wakili?

— Nani kasema habari ya wakili? akauliza Spika.

— Lazima mmoja ana wakili. Angalia vile anakaa, ametulia sana.

Nikaangalia. Askari wa plastiki alikuwa ametulia, ni kweli.

— Mimi naona tofauti, akasema Manifesti, na sasa alikuwa amepandwa na jazba. Tatizo siyo askari. Tatizo ni mfalme wetu. Mtazameni! Amejificha pembeni, watoto wa watu ndio wanaokwenda mbele. Kwanza tumpigie kura ya kutokuwa na imani naye.

— Mfalme hapigiwi kura.

— Basi tumhoji!

— Hakuna muda wa kuhoji, nikasema mimi. Chandu anasubiri.

— Wewe kunywa kahawa, akasema Spika, na kusema kweli aliniudhi. Ikiwa mfalme amekaa pembeni ana siri. Mie nadhani ana makubaliano na yule mweusi. Wameshazungumza! Askari hawa wameachwa wapite makusudi, wakifika mwisho waambiwe nafasi ya malkia imeshajazwa.

— Na cousin ya mfalme, akamalizia Oyster.

— Umeona! Umeona sasa!

Walipeana mikono. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Unguja na Nakuru kukubaliana, na bado hakuna kete iliyoguswa. Manifesti akatoa simu ili aandike kwenye grupu kwamba mfalme ametusaliti. Spika akamzuia, akasema matamko hutolewa na mwenyekiti, akaandika yeye. Oyster akaongeza picha ya moto. Saa tisa ilishapita. Kahawa ilibaki kidogo sana, na nilijua kikombe changu hakitajaa.

Wakati huo alitokea dada mmoja wa makamo kidogo, koti la bluu juu ya sare ya kazi, beji ikining'inia shingoni. Alisimama kwenye kituo cha basi, hatua tano kutoka kwetu, kisha akamwona Manifesti, akasogea mpaka kwenye benchi.

— Shikamooni wazee. Shemeji, hujambo?

— Marahaba, tukaitika.

— Sijambo shemeji! akasema Manifesti. Jamani, huyu ni Gaudensia, mdogo wake mke wangu. Amekuja wiki iliyopita tu, ameshapata kazi ya uuguzi. Leo anaingia shifti ya jioni.

— Mnacheza nini? akauliza.

Tukamweleza wote kwa pamoja: picha, operesheni, usaliti wa mfalme. Alisikiliza vizuri, kichwa ameinamisha, kama anavyomsikiliza mgonjwa asiyejua kinachomuuma. Kisha akanyoosha mkono, akamshika askari wa kulia, akamsogeza hatua moja mbele.

Spika alitaka kupiga kelele. Gaudensia hakumwona.

— Si hivi? Mfalme mweusi akimkimbilia huyu, yule wa kushoto anakwenda zake. Akirudi kwa yule, huyu anafika. Mmoja ataliwa, lakini hawezi kuwala wote.

Tukatazama. Manifesti akahesabu kwa vidole kulia, Oyster akahesabu kwa vidole kushoto. Ilikuwa kweli. Tena ilikuwa rahisi mno, na mimi nikaona aibu, kwa sababu Chandrakant ametufunga sisi sote miaka kumi, kwa macho yaliyofumbwa nusu, huku akila karanga. Mtu yule hawezi kushindwa na kitu hiki hata akiwa na homa.

— Hoja imepita, akasema Spika kwa sauti ndogo.

— Nzuri, akasema Gaudensia. Basi mwende mkamwambie. Saa za kuwaona wagonjwa bado hazijaisha.

— Tutamwandikia kwenye grupu, akasema Oyster.

— Kesho anapasuliwa moyo, na mtamwandikia? Haya, nipeni mimi. Natangulia kazini, nikipita kwake nitamwambia kwa mdomo. Labda ni pale pale ninapokwenda. Yuko hospitali gani?

Spika alimtazama Manifesti. Manifesti akamtazama Oyster. Oyster akanitazama mimi.

Nikatoa simu yangu. Chini ya picha ya Chandrakant palikuwa na vidole gumba, mikono ya dua, maua, na meseji sitini na mbili kuhusu askari. Nilianza juu nikashuka mpaka chini, kisha nikarudi tena juu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Gaudensia alikuwa amekwisha kuinua mkono kulisimamisha basi.

— Wazee, nauliza. Hospitali gani?