Onyo la Loyce Nsajigwa, Lililobaki Kwenye Faili

Waombolezaji wapendwa, dada yetu Loyce Nsajigwa alizaliwa Masoko tarehe 3 Agosti 1979, mtoto wa nne wa mkulima wa migomba na kahawa, na tangu utotoni hakuweza kupita nyumba ya mtu bila kuketi kusikiliza habari zote, jambo lililomchelewesha sana kurudi na maji.

Alisoma shule ya msingi Masoko mwaka 1987 hadi 1993, sekondari Tukuyu hadi 1997, akapata cheti cha maendeleo ya jamii mwaka 2001, na tarehe 12 Juni 2004 akafunga ndoa na Erasto, mwalimu aliyehamishiwa Msasani, hii ya hapa Tukuyu, kutoka Singida, wakajaliwa Anneth na Jotham.

Mwaka 2015 aliajiriwa na shirika moja la misaada, kazi yake, kwa maneno ya mkataba, ikiwa ni kushirikisha jamii zilizokumbwa na maafa, akahudhuria semina saba za kujengewa uwezo, vyeti vyote vipo sebuleni, ila uwezo wa kuamua hata choo kichimbwe wapi ulibaki makao makuu.

Aprili 2023 mlima ulipoporomoka Masukulu, kaya thelathini na moja ziliwekwa kwenye mahema kwa ramani iliyochorwa Dar es Salaam. Bibi Felista, aliyelima pale miaka hamsini, alimwambia kuwa hapo ni njia ya mto, "maji yamesafiri tu, mwanangu, kwao ni hapa." Loyce akajaza fomu, akapiga simu mara nne, akajibiwa kwamba maoni ya jamii huchambuliwa mwisho wa robo mwaka. Tarehe 17 yeye na wananchi wakahamishia mahema yote uwanja wa kanisa, tarehe 19 akapewa barua ya onyo kwa kuhamisha mali ya shirika bila kibali, na tarehe 20 alfajiri mto ukarudi kwao, ukakuta vigingi vitupu.

Hakufa mtu. Barua haikufutwa. Aliomba ifutwe mara sita, akisema si kwa ajili ya cheo, bali ili afisa mwingine, akiambiwa na bibi mwingine, asiogope kusikia, na mara zote sita akajibiwa kuwa suala lake linashughulikiwa.

Novemba 2024 alianza kuugua figo, akafariki tarehe 9 Februari 2025, faili likiwa bado linashughulikiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Msasani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake, na Bibi Felista aliyetembea toka asubuhi. Tunalishukuru pia shirika, ambalo rambirambi yake inamwita Loyce mfano wa kuigwa, na kwa heshima tunamwomba mwakilishi wake aliyeketi mbele atueleze kama mfano huo unaigwa pamoja na onyo lake, maana nakala ninayo hapa, na kalamu pia.

Pumzika kwa amani, Loyce, sisi tumekaa, tunasubiri jibu.