Mwalimu Leonida Nakhumicha na Mabaharia Aliowatafuta

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Maurice, kifungua mimba wa Mwalimu Leonida, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu.

Mama alizaliwa Moiben tarehe 9 Aprili 1941, msimu wa kupanda, ndiyo maana akaitwa Nakhumicha, akiwa mtoto wa pekee wa Ayub Wepukhulu, kibarua katika shamba la mzungu, na mkewe Nekoye. Mwaka uliofuata babu alienda Mombasa na hakurudi, na habari iliyofika nyumbani ilikuwa moja tu, kwamba alikamatwa kama mtumwa akatiwa melini, kisha akatoroka vita na kufungwa. Kwa sababu hiyo hakuna mtoto katika ukoo aliyepewa jina lake, na nyanya alipokataa kurithiwa na shemeji aliambiwa anamngojea mwoga.

Mama alisomea Moiben, akaingia chuo cha ualimu Kaimosi mwaka 1960, akafundisha historia katika shule za hapa Eldoret hadi alipostaafu mwaka 1996. Tarehe 14 Disemba 1968 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Joash Amolo, karani wa reli, wakahamia Yamumbi, wakajaliwa watoto watatu, yaani mimi, dada yangu Nekoye na kitinda mimba wetu Lenny.

Mwezi wa Agosti 1987 mama aliingia duka la Mzee Bashir Abdullahi hapa mjini kununua kitambaa, na mzee aliposikia akiitwa binti ya Wepukhulu, aliacha kupima akauliza, "Wepukhulu yupi? Yule Ayub wa melini?" Mama alikaa chini pale pale sakafuni, kati ya wateja.

Jumapili hiyo Mzee Bashir alikuja kwetu na kumweleza nyanya kwamba Ayub hakukamatwa na mtu, alijiandikisha mwenyewe, mtu huru, wakawa pamoja wakitia makaa kwenye tanuri za meli ya mizigo wakati wa vita. Walipofika Durban mwaka 1943 waliambiwa mashua za kujiokoa ni za wazungu peke yao, naye Ayub akawaongoza wenzake weusi kugoma, akisema, "Siogopi bahari, lakini sitazama kama gunia la makaa." Walifungwa mwezi mzima, nahodha akasalimu amri akawapa mashua yao, na safari iliyofuata meli ilipigwa kombora. Mzee Bashir na wenzake waliokolewa na mashua hiyo, lakini Ayub alikuwa chini kwenye zamu.

Nyanya akauliza, "Huko alikuwa anakula nini?" Mzee akamjibu, "Wali, Mama, na kila siku alinung'unika kwamba hakuna ugali wa wimbi." Nyanya akacheka, kisha akalia, na kabla ya mwaka kwisha ukoo uliketi na kumwomba msamaha.

Tangu hapo mama hakutulia, kila likizo alikuwa Cheptiret, Moiben au Mombasa akitafuta familia zilizoambiwa kwamba baba zao walikuwa watumwa au watoro, akizikutanisha na mabaharia waliobaki hai, wamsimulie kila mtu baba yake alikuwa nani, na sisi watoto tulilalamika kwamba anawajua baba za watu kuliko anavyotujua sisi.

Mwaka 2019 alipatikana na ugonjwa wa figo, akavumilia matibabu, na alfajiri ya tarehe 3 mwezi huu akatuacha, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Yamumbi, walimu aliofanya nao kazi, na Najma, binti ya Mzee Bashir, aliyemletea chai hospitalini kila asubuhi.

Sasa nawaomba wote ambao mama aliwatafutia baba au babu aliyepotea baharini, msimame mlipo.

Mama, ona vile ni wengi. Nenda ukamwone baba yako, upumzike kwa amani.