Nani Kanunua Hapana?

Benchi liko nje ya duka la donati, kwenye kona moja ya Youngstown, Ohio, na kila asubuhi wastaafu watatu hulikalia, kahawa mkononi, wakabishana mpaka makalio yafe ganzi. Mmoja, Redio, kaitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Pengo, mtazame mdomoni. Wa tatu, Dominic, ni Nuksi: miaka yote ya kubeti, kila aliyemwekea hela alipigwa. Mwezi uliopita programu yao ya kubeti ilifungwa, wakahamia soko la utabiri, lenye leseni ya serikali. Huko hushindani na kampuni. Unanunua Ndiyo au Hapana kutoka kwa binadamu mwenzako, jina lako halionekani, na asilimia ya Ndiyo hupanda na kushuka mbele ya macho ya wote. Wiki hii swali ni moja: je, Renata, binti yake Nuksi, atashinda pambano lake la ngumi Jumamosi?

Jana Nuksi alinunua Hapana, tena nyingi. Si kwamba alimdharau mwanawe; alimwamini sana. Ila alipiga hesabu kwamba mkosi wake akiubandika kwa yule mpinzani, Renata atapona. Alilala akijisifu kwa ujanja huo.

— Ndiyo imeshuka tena! Redio akainua simu. Jana sitini na moja, leo thelathini na nane!

— Soko lenyewe dogo, Nuksi akasema. Mtu mmoja akinunua, linayumba.

— Mtu gani anamwaga hela hivyo bila kujua kitu?

— Wajinga wako wengi, bwana.

— Huyo anajua, Pengo akasema. Mtoto kavunjika mkono, wanaficha.

— Mkono wapi! Redio akadakia. Refa kahongwa.

— Refa peke yake hatoshi. Majaji wote, mpaka muuza tiketi.

— We Pengo, muuza tiketi anaamuaje ngumi?

— Ndo ujue limefika mbali! Serikali imo. Leseni walitoa ya nini?

— Nuksi, Redio akamgeukia, we ndo baba mtu. Umeongea naye?

— Mzima kabisa.

— Mbona unatoka jasho na baridi hii?

Nuksi aliogopa kweli. Aziuze zile Hapana? Mkosi utarudi kwa mtoto. Anunue Ndiyo? Hapo si atakuwa amemwua kwa mkono wake mwenyewe!

Renata akatokea akikimbia, kofia ya sweta kichwani, akasimama mbele yao bila utani wake wa kila siku.

— Baba, pale mazoezini wote wanatazama hizi namba. Kocha ananiangalia kama mgonjwa. Nimepimwa, sina kitu.

— Achana nazo, mwanangu.

— Nitaachaje? Mtu katoa hela yake. Niambieni basi, wazee wangu: huyo aliyenunua Hapana kaona nini kwangu?

Redio na Pengo wakamgeukia Nuksi. Nuksi alifungua mdomo, akaiona ile namba kwenye simu ya mwanawe: thelathini na nane. Akaitia simu yake mwenyewe mfukoni.