Tarehe za Safari ya Bi Salhiya Shemdoe

Assalaam alaykum, ndugu waombolezaji, mimi ni Haitham Mansour, mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, hasa baba yangu, Bwana Mansour, aliyekaa mkeka wa mbele.

Marehemu Bi Salhiya Muhammad Shemdoe alizaliwa tarehe 12 Machi 1968, Mkunazini, Mji Mkongwe, binti pekee wa seremala aliyehamia Unguja kutoka Mtae, milima ya Usambara, akasoma hapa hapa mjini, na tangu mwaka 1990 akasomesha jiografia mpaka maradhi yalipomzuia. Aliolewa na Bwana Mansour tarehe 6 Januari 1996, wakajaaliwa mimi, mwaka 1998, na mdogo wangu Nassra, mwaka 2001.

Babu, yule seremala, alipofariki, Juni 2006, marehemu aliazimia kuwapelekea ndugu wa Mtae habari yeye mwenyewe, kwa vespa yake, na Bwana Mansour akaridhia kwa sharti moja, akamnunulia daftari na kuandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake: "Kila atakapofika, mwenyeji aandike amefika na nani."

Basi sikilizeni. Tarehe 4 Julai, Mombo, peke yake. Tarehe 5, Lushoto, peke yake. Tarehe 6, waya wa klachi ulimkatikia katikati ya msitu wa Magamba, akasukuma vespa kwenye tope kwa muda wa saa nne, akafika Shume matope mpaka kiunoni, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, peke yake. Tarehe 8, Mtae, ami zake wakampokea kwa kilio, peke yake. Tarehe 11, Mlalo, akirudi kwa njia za nyuma ya mlima, peke yake.

Alirejea Unguja tarehe 14 Julai, akakuta talaka imeshaandikwa, na mtaa mzima umeshaambiwa kwamba alikwenda bara na mwanamume. Alimkabidhi mumewe daftari, akarudishiwa bila ya kufunguliwa, na mwezi uliofuata Bwana Mansour akaoa. Sisi watoto tulichukuliwa, tukakatazwa hata kumwamkia, nami nikatii, miaka tisa nikimpita mama yangu vichochoroni nimeinamisha kichwa, na kwa hilo sijisamehe, wala baba simsamehe.

Marehemu aliugua figo tangu mwaka 2022, akafariki jana asubuhi, tarehe 3 Juni 2025. Nilipomwambia kwamba siku hii nitamtukana mtu, alinikataza: "Usimtukane baba'ako. We msomee tarehe tu." Nimesoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Chukwani waliompa chumba alipotoka mikono mitupu, na walimu wenzake ambao hawakuacha kumwita Bi Salhiya. Daftari liko hapo mlangoni, limefunguliwa ukurasa wa kwanza, na mwandiko wengi wenu mnaujua. Baba, usitoke bila ya kulisoma, miaka kumi na tisa linakungoja.

Pumzika kwa amani, mama. Amani hiyo tumekuombea wewe peke yako.